Sakitu Ndani ya Redio

Waithera wa hoteli ndiye aliyeileta habari ile, na aliileta ikiwa moto kuliko chai yake. Kwa maneno yake, alfajiri ya Jumanne, wakati moto ulikuwa unakula miti michanga ya saipras kule Sehemu ya Tisa ya msitu wa kampuni, Kimeli mlinzi wa mnara wa kuangalia moto alikuwa amelewa kiasi kwamba hata mkewe angepita mbele yake angemwita boss. Saa kumi na mbili na dakika ishirini alishika redio akanguruma. Hilo ndilo neno lake Waithera: akanguruma. Kule kiwandani meneja Masinde akainua kichwa kutoka kwa makaratasi yake, akauliza, "Kimeli, unasema nini?" Kimeli akanguruma tena, maneno yamekatikakatika kama ya mtu anayetafuna ulimi wake mwenyewe. Masinde akamwambia alale, pombe ikimtoka apige tena. Pombe ilimtoka saa moja na nusu. Sasa aliongea vizuri kama mhubiri, lakini ekari nane zilikuwa zimeshakuwa majivu.

"Walipata chupa?" Cheruto aliuliza bila kuinua macho. Alikuwa anafungua tumbo la spika ya kanisa.

"Chupa ya nini?"

"Ya hiyo pombe."

"Wewe nawe. Mtu amekunywa mpaka ananguruma, unafikiri ameacha kitu ndani ya chupa?" Waithera aliweka kikombe mezani, mbali kidogo na soldaring, chuma cha moto cha kuunganishia nyaya. "Kwanza Masinde amemfukuza mbele ya watu wote. Amemvua koti la kampuni hapo getini, akamvua na gambuti, naye akatembea nyumbani na soksi. Nyumba yenyewe ni ya kampuni. Ikifika mwisho wa mwezi, atoke na watoto wake wanne."

Cheruto aliacha spika.

Duka lake lilikuwa limebanana na hoteli ya Waithera kando ya barabara ya Njoro, nje kidogo ya Elburgon, likitazamana na geti la kiwanda cha mbao. Alikuwa anatengeneza simu, taa za sola, spika, na zaidi ya yote redio za kampuni, zile za mkononi ambazo watu wa msituni huongea nazo mahali simu haishiki. Shule aliishia darasa la nane. Kazi alifundishwa na Mzee Ogada, ambaye baba yake na babu yake walikuwa watu wa reli pale Nakuru, na ambaye alipostaafu akarudi kwao alimwachia meza, vifaa na wateja. Kwa miaka mitatu hakuna redio ya kampuni iliyoguswa na mkono mwingine isipokuwa wa Cheruto.

Kwa hivyo hakusema, "Kimeli hawezi." Alijua Kimeli anaweza. Harusi ya mwisho ya upande ule Kimeli alilala ndani ya kalvati, bomba la maji chini ya barabara, na viatu vikiwa mikononi. Lakini mtu kuweza jambo si kwamba alilifanya Jumanne.

*

Jioni Kimeli mwenyewe alikuja, amevaa sandali za matairi na sweta iliyotoboka kiwiko. Akaketi juu ya kreti ya soda, mikono katikati ya magoti.

"Mzee, ulikunywa?" Cheruto akamuuliza.

"Umeanza na wewe."

"Nimeuliza tu."

"Jumapili nilikunywa. Hiyo sikatai. Jumanne nilikunywa maji ya chupa, na hayo yenyewe yalikuwa yameganda mpaka nikayavunja na kisu." Alicheka kidogo, halafu kicheko kikamwisha. "Mama Kiprono ananinusa kila nikiingia nyumbani. Miaka kumi na saba ya ndoa, sasa amekuwa mbwa wa polisi."

"Ulisema nini kwenye redio?"

"Nilisema, 'Mnara kwa kiwanda, mnara kwa kiwanda, naona moshi Sehemu ya Tisa, upande wa mto.' Nikarudia mara nne. Masinde ananijibu nilale. Nikafikiri ni mimi nimeanza wazimu."

"Redio usiku unaiweka wapi?"

"Naizima, betri isiishe. Natundika nje, kwa msumari wa mlango. Kile kibanda ni mabati matupu, ndani haishiki vizuri." Akamtazama. "Kwa nini?"

"Sijui bado," Cheruto akasema. Na kweli hakuwa anajua. Aliliweka lile neno la msumari kando, jinsi anavyoweka skrubu asiyojua imetoka wapi.

Asubuhi ya Alhamisi alivuka barabara akaenda kwa meneja. Masinde alikuwa mtu mrefu wa Bungoma, mwenye sauti ya kuzoea kushindana na misumeno, na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu aliyesikia kitu kwa masikio yake mawili.

"Ile redio niliipima mwenyewe," akamwambia. "Siku hiyo hiyo, saa sita mchana, nimesimama hapo nje kwenye jua. Nikaongea, nikajisikia hapa ndani safi kabisa. Redio ni nzima, Cheruto. Mtu ndiye mbovu."

"Sikatai boss. Naomba tu niikague kabla hujampa mlinzi mwingine."

"Kague. Na uchukue ya Zeddy pia. Hiyo ndiyo kisirani. Kila siku inakwaruza kama mtu anakaanga mahindi."

Zeddy, dereva wa trekta la kuvuta magogo, aliitoa redio yake kiunoni akampa. "Madam, hii kitu ichome tu," alisema. "Nikiitana, hata wale wa channel ingine wanalia kelele. Juzi wale wa ng'ombe za maziwa wameniambia nitoke kwa line yao, na mimi sijawahi kuingia."

Cheruto akarudi na redio mbili.

*

Mzee Ogada alikuwa na namna yake ya kufundisha. Mwezi wa kwanza hakumruhusu Cheruto kushika soldaring. Alimketisha mbele ya redio kubwa ya zamani yenye uso wa glasi, akamwambia asikilize.

"Sauti ya mtu haina miguu," alimwambia. "Kutoka Elburgon haiwezi kufika hata hapo Turi. Lazima ibebwe. Ndiyo redio kwanza inatoa wimbi moja tupu, halina neno, halina wimbo, limenyooka tu. Huyo ndiye mbebaji. Ukianza kuongea, sauti yako inapanda mgongoni mwake. Sasa, watu wote husikiliza abiria. Fundi husikiliza mbebaji."

Ile redio kubwa ilikuwa na swichi moja ambayo ukiigeuza, mbebaji asiyesikika anageuka kuwa filimbi. Ukibonyeza redio ya mkononi bila kusema kitu, redio kubwa inapiga filimbi. Kwa mwezi mzima Cheruto alisikiliza filimbi, mpaka akawa anazitambua kama mama anavyotambua kikohozi cha mtoto wake darasani.

"Mbebaji ana magonjwa mawili," Ogada alimwambia siku alipoona ameiva. "Watu wengi wanayachanganya, hata wenye vyeti. La kwanza ni kuhama. Anatembea vizuri, ametulia, lakini yuko kando ya njia yake. Filimbi yake ni safi, ila imepanda juu au imeshuka chini ya pale inapotakiwa. La pili ni kutetemeka. Huyu hajahama. Yuko katikati ya njia yake. Lakini miguu haitulii, mara mbele kidogo, mara nyuma kidogo, maelfu ya mara kabla hujafumba jicho. Filimbi yake iko mahali pake, lakini ina mchanga ndani. Na huo mchanga wake unamwagikia majirani wa kushoto na kulia."

"Na dawa?"

"Aliyehama unamrudisha kwa bisibisi. Anayetetemeka utamrudisha wapi, na hajaenda popote? Huyo tafuta kinachomtetemesha."

Alhamisi ile Cheruto alifanya alivyofundishwa. Elburgon asubuhi ni baridi ya kuuma meno, na hakuna fundi wa pale, awe wa viatu au wa saa, anayefanya kazi bila jiko la makaa. La Cheruto lilikaa chini ya meza, karibu na goti lake la kulia, na joto lake lilipanda mpaka kwenye ubao. Aliweka redio ya Zeddy kwanza, akabonyeza.

Mita ya kuhesabu mawimbi ilisoma 154.2500. Hiyo ndiyo namba ya kampuni, sawasawa, hakuna hata tarakimu iliyopotea. Lakini filimbi ilikuwa na mchanga. Mita haikuuona, kwa sababu mita huhesabu wastani: anayekwenda mbele hatua moja na kurudi nyuma hatua moja, mita inamwona amesimama. Sikio ndilo linalomwona akitetemeka.

Akaweka redio ya Kimeli. 154.2500. Filimbi safi, imenyooka kama uzi wa fundi mwashi.

Alirudia mara sita. Akaitikisa. Akabadilisha betri. Akaifungua akaipuliza vumbi, akaangalia kila mguu wa kila kipande. Redio haikuhama, wala haikutetemeka. Mchana ukapita, spika ya kanisa ikalala wazi, na kila Waithera alipochungulia aliuliza, "Umepata chupa?"

"Bado natafuta, mathe."

Masinde alikuwa sawa, basi. Redio ilikuwa nzima. Cheruto alifunga duka akiwa na hakika ya kitu kimoja tu, kwamba kuna swali ambalo hakuwa ameliuliza vizuri.

*

Ijumaa alifika mapema kuliko kawaida. Sakitu, umande ulioganda kwa baridi, ilikuwa imefunika nyasi za kando ya barabara, nyeupe kama zimemwagiwa unga, na komeo la mlango lilimchoma vidole. Kabla ya kuwasha jiko, kabla hata ya kuvua skafu, alibonyeza redio ya Kimeli, vile tu mtu anavyojaribu mlango aliojaribu jana.

Mita ilisoma 154.2468.

Hakuruka. Hakuita mtu. Mita nayo ni chombo, na chombo nacho husikia baridi. Hilo Ogada alimwonya mara nyingi. Lakini mita ya Ogada ilikuwa na kajiko kake kadogo ndani, ka umeme, ka kuipasha joto kristali yake, kile kipande kidogo kinachoshika mwendo wa mawimbi, na ndiyo maana haikuzimwa usiku wala mchana tangu mzee aondoke. Hata hivyo alitaka shahidi wa pili. Akachukua redio ya Zeddy, iliyolala juu ya meza ile ile, katika baridi ile ile, akabonyeza. 2500. Zeddy, na mtetemeko wake wote, alikuwa nyumbani kwake. Kimeli ndiye alikuwa amehama.

Akageuza swichi ya redio kubwa. Filimbi ya Kimeli ilikuwa safi, tulivu, nzuri ya kusikiliza. Lakini ilikuwa imeshuka. Mtu asiyeijua angesema hakuna ubaya. Na ile redio ya ofisini, ambayo kazi yake ni kusikiliza njia moja nyembamba na kuziba masikio kwa njia nyingine, ingempata Kimeli nusu tu. Upande mmoja wa kila neno ungepita, upande mwingine ungegonga ukuta. Neno la nguvu lingekatika, la pole lingekwaruza. Ingesikika vipi? Cheruto aliwaza, na jibu likaja na sauti ya Waithera: ingenguruma.

Ndipo alipowasha jiko. Aliketi akitazama mita huku makaa yakishika. 2468. 2471. 2480. Namba zilipanda polepole, kama ng'ombe wanaorudi zizini bila kuchungwa. Maji ya chai yalipochemka, zilifika 2500 zikasimama.

Akaelewa yote kwa pamoja. Kristali ndani ya redio ya Kimeli ilikuwa imezeeka, na kila joto liliipa mwendo wake. Mwezi wa kumi na mbili kampuni iliileta hapa irekebishwe. Ilikuwa imehama, naye akairudisha kwa bisibisi, tarakimu kwa tarakimu, kwa makini aliyokuwa anajivunia. Aliirudisha hapa, mezani, na jiko gotini. Aliipimia njia ya mahali penye moto, halafu ikapelekwa kuishi juu ya mnara, imetundikwa msumarini, katika sakitu. Kila alfajiri tangu Krismasi redio ile iliamka imehama. Jua likipanda inarudi. Nani angejua? Mnara hauna la kusema alfajiri, mpaka siku ya moto.

Kosa lilikuwa lake.

Alikunywa chai yake mpaka mwisho. Bisibisi ilikuwa pale pale. Angeweza kugeuza ile skrubu nusu ya robo, airudishe redio kiwandani na aseme ni nzima, na hakuna mtu Elburgon, wala Njoro, wala Nakuru, ambaye angejua. Mlinzi mpya angesikika vizuri. Kimeli angehama na watoto wake akiwa na jina la mlevi. Aliliangalia wazo hilo jinsi anavyoangalia kipuri kilichoungua, akalitupa. Kilichobaki kilikuwa namna ya kumwonyesha Masinde, kwa sababu mtu aliyesikia kwa masikio yake haamini maneno. Lazima umpe masikio mengine.

*

"Hapana," Waithera alisema. "Humu naweka maziwa na nyama. Siweki mashetani ya kampuni."

"Nimeifunga kwa karatasi mbili, mathe. Saa moja tu."

"Friza yangu ina uhusiano gani na ulevi wa Kimeli?"

"Saa nane utajua. Na utakuwa wa kwanza kujua."

Hiyo ndiyo iliyofungua friza. Redio ikalala kati ya pakiti za maziwa na mguu wa mbuzi.

Saa nane kasoro Kimeli alifika, akiwa hajaambiwa kitu zaidi ya kuja. Waithera alikuwa anakaanga mandazi. Meza mbili zilikuwa na wapakiaji wa mbao waliokuja kula, na Zeddy alikuwa mlangoni na redio ya akiba kiunoni. Wote walirudisha macho kwenye sahani Kimeli alipoingia, kama watu waliokuwa wanakuongelea.

"Mathe," Cheruto akasema, "mnuse."

"Nini?"

"Kimeli. Mnuse mdomo. Karibu."

Kimeli alisema, "Hata huku?" lakini akafungua mdomo. Waithera alisogea na mwiko mkononi, akanusa kama anayenusa maziwa ya jana.

"Vitunguu," akasema. "Na meno ya nyuma apeleke kwa daktari."

"Pombe?"

Waithera alinusa tena, hakutaka kukata tamaa haraka. "Hakuna," akakubali.

Cheruto alitoa redio ndani ya friza. Ilikuwa imeota weupe kwenye pembe. Akampa Kimeli. "Sema ulivyosema Jumanne. Maneno yale yale."

Kimeli aliishika kama kitu kilichowahi kumng'ata. Akabonyeza. "Mnara kwa kiwanda, mnara kwa kiwanda. Naona moshi Sehemu ya Tisa, upande wa mto."

Pale hotelini walimsikia vizuri, kwa kuwa alikuwa mbele yao. Lakini kwenye redio ya akiba, kiunoni mwa Zeddy, mtu mwingine aliongea. Alinguruma. Alikwaruza, akakatika, akameza nusu ya kila neno, akaburuta lililobaki. Mpakiaji mmoja alisahau andazi mdomoni.

Halafu sauti ya Masinde ikaja, nzito, kutoka ng'ambo ya barabara. "Nani amempa Kimeli redio? Na jamani, hata saa nane mchana amelewa?"

Walitazamana kwanza. Kisha Waithera akaketi chini kwenye kreti, akafunika uso kwa aproni, mabega yakatikisika, na hapo hoteli nzima ikaangua kicheko, Kimeli akiwa wa mwisho.

Cheruto alichukua redio, akaiweka kwenye rafu juu ya jiko la mandazi, mahali Waithera anapoumulia unga. "Tungoje," akasema.

Walingoja. Yeye ndiye hakuwa na haraka. Aliigusa mara kwa mara kwa upande wa nyuma wa mkono, kama anayepima maziwa ya mtoto, na ilipofika joto la meza yake alimrudishia Kimeli.

"Rudia."

Kimeli akarudia. Safari hii kiuno cha Zeddy kilisema, safi, neno kwa neno, kwamba mnara unaona moshi Sehemu ya Tisa, upande wa mto.

"Kimeli?" Masinde akauliza.

Kabla Kimeli hajajibu, mkono wenye unga ulimnyang'anya redio. "Meneja, huyu ni Waithera wa hoteli. Mimi mwenyewe nimemnusa. Hajaonja hata tone. Hii redio yenu ndiyo mlevi, na inalewa baridi. Nimeiona na macho yangu ikitoka kwa friza yangu." Akamrudishia Cheruto, akaongeza pembeni, "Mwambie na hayo mengine ya mawimbi. Hayo mimi siwezi."

Cheruto alibonyeza. Alijua kila redio ya kampuni inasikiliza: lori zilizoko njiani, kambi ya wakata miti, geti, ofisi. Hakupandisha sauti.

"Boss, ni Cheruto. Redio ya mnara ikipata baridi inahama njia. Jumanne alfajiri ilikuwa nje kwenye sakitu, ndiyo ulisikia vile umesikia sasa hivi. Ulipoipima saa sita kwenye jua, ilikuwa imerudi."

"Ngoja." Masinde hakuwa mjinga, na hakuwa tayari. "Redio ya Zeddy ndiyo mbovu kuliko zote. Inakwaruza kila siku, jua au baridi. Mbona yeye tunamwelewa?"

Zeddy alisema chini chini, "Hapo amekuweza."

"Hajaniweza," Cheruto akasema, akabonyeza tena. "Boss, hayo ni magonjwa mawili. Ya Zeddy inatetemeka, lakini inatetemekea mahali pake. Unamsikia na mchanga, lakini unamsikia wote, na kelele yake inamwagikia wale wa ng'ombe. Ya Zeddy nimeona kipuri kimoja, kapasita, kimevimba, nitakibadilisha leo. Ya mnara haitetemeki hata kidogo. Imetulia sana. Ila imetulia mahali pasipo pake. Mtu mwenye homa utamwona anatetemeka, utamhurumia. Mtu aliyepotea njia anatembea sawasawa tu, na hafiki."

Mpakiaji mmoja alitikisa kichwa polepole kama aliye kanisani.

"Na ilihamaje?" Masinde akauliza. Sauti yake sasa ilikuwa imeshuka. "Si uliirekebisha wewe Desemba?"

Kimeli alimtazama Cheruto. Hilo hakuwa ameliwaza, ndiyo kwanza linamwingia.

"Niliirekebisha mimi," Cheruto akasema. "Niliipima duka likiwa na jiko. Ningeipima kwa baridi ya mnarani, ingekufikia Jumanne. Kosa ni langu, si la Kimeli. Nimeliandika kwenye daftari la duka, na kuanzia leo redio ya msituni naipima nje, alfajiri, kabla ya moto. Ya mnara naenda kuipimia juu ya mnara wenyewe."

Aliachia kitufe ili avute pumzi. Mafuta ya mandazi yalikuwa yanaungua, na Waithera hakugeuka.

Cheruto akabonyeza mara ya mwisho. "Boss, ulimvua Kimeli koti mbele ya watu. Na hawa wote wako hapa kwa redio wanasikia. Naomba umrudishe mnarani, abaki na nyumba yake, na useme hivyo hapa hapa, kwa hii njia, kila mtu asikie. Ndiyo ombi langu. Nimemaliza."

Akaachia.

Kiunoni mwa Zeddy taa ndogo ya kijani ikawaka. Mtu ng'ambo ya barabara alikuwa amebonyeza. Wote wakainama kuelekea pale, Kimeli akiwa ameketi, mikono katikati ya magoti. Hakuna neno lililokuja. Cheruto alihesabu kimyakimya, kumi, kumi na tano, ishirini, na taa ilikuwa bado inawaka, mbebaji amesimama wima katika njia yake, hana abiria.

Kisha taa ikazimika, na ombi la Cheruto likabaki kwa Masinde, bila ndiyo wala hapana.